Mzuka umekata: tafuta kwanza palipoziba kabla hujaanza kujilaumu

Fundi mzuri ukimpelekea redio iliyozima hakimbilii kufungua nati zote. Anauliza kwanza: ilianza lini, ilikuwa inakoroma kabla ya kuzima au ilikata ghafla, kuna mtu kaimwagia maji? Akishajua hapo ndio anashika bisibisi. Ila sisi mzuka wa kubuni ukikata, awe mtu anachora, anashona, anaandika, anaandaa masomo ya wanafunzi wake au anatafuta tu namna mpya ya kupanga chumba, tunaruka moja kwa moja kwenye hukumu, "mimi sina kipaji tena", imeisha hiyo, hata kifuniko hatujafungua.

Alafu ukiomba ushauri ndio unavurugwa kabisa. Huyu anakwambia pumzika, mawazo yatakuja yenyewe. Yule anakwambia komaa, kaa kwenye kiti mpaka kitoke kitu. Wote wako sahihi na wote wanaweza kukumaliza, maana kila mmoja anatibu ugonjwa aliowahi kuumwa yeye. Kisima kilichokauka na bomba lililoziba vinakupa matokeo yaleyale, unafungua koki hakuna kitu, lakini ukizidi kusukuma maji kwenye bomba lililoziba utalowesha nyumba tu. Na kwa nilivyoona mimi, wengi wanaolia kisima kimekauka wana bomba limeziba.

KIPIMO KWANZA

Chukua karatasi, tega dakika tano, andika matumizi ya tofali mengi uwezavyo. Usicheke. Vipimo vya namna hii vinahusishwa sana na J.P. Guilford, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1950 alisimama mbele ya wenzake na kuwaambia kwamba wameupuuza ubunifu kwenye tafiti zao. Hapa hatujipimi akili lakini, tunatafuta tu pa kuanzia, kwa hiyo usihesabu sana majibu, angalia ulivyokuwa unajisikia wakati unaandika.

Kama ulipata mengi ila nusu yake umekata kwa mstari, au hukuyaandika kabisa kwa sababu yalikuwa ya kijinga, nenda kwenye hakimu.

Kama uliandika kujengea ukuta, kuzuia mlango, kukalia, basi ukakauka hata ya kijinga hayaji, nenda kwenye kisima.

Kama hukumaliza dakika tano kwa sababu ulishika simu, au macho yalikuwa mazito, nenda kwenye betri.

Na kama uliandika mengi na ukajikuta unafurahia kabisa, tofali la kumtishia jirani mwenye spika kubwa na kadhalika, basi ubunifu wako mzima, hauna tatizo lolote, tatizo ni ile kazi yenyewe unayojaribu kuifanya. Nenda kwenye uhuru uliozidi.

DALILI: unaanza, unafuta, unaanza, unafuta

Huyu ndiye hakimu, na nitakaa naye kwa muda maana ndiye msumbufu kuliko wote.

Kazi ya kutoa wazo na kazi ya kulihukumu ni kazi mbili tofauti na zote zinahitajika, shida ni ukizifanya kwa pamoja, ni kama kuendesha gari huku umevuta breki ya mkono, gari linaunguruma, linanuka, haliendi, alafu unasema injini mbovu. Dalili zake ni hizi: una mafaili mengi yanayoitwa "mpya", "mpya2", "mpya kabisa", yote mistari miwili. Ukiwa peke yako unaimba vizuri, mtu akiingia sauti inapotea. Ukiona kazi ya mwenzako unaumia badala ya kufurahi. Na hii ya mwisho ndiyo inayotambulisha kabisa, unapata mawazo mazuri sana kwa ajili ya kazi za watu wengine, rafiki akikuuliza unammwagia kumi papo hapo, ila kwako hamna, kwa sababu kwa rafiki hakimu hakuitwa.

Mimi lilinikuta kwa daftari. Nilipewa zawadi ya daftari la kuchorea, karatasi nzito nyeupe, jalada gumu, lina hadi utepe wa kuwekea alama. Nilikuwa nimezoea kuchora nyuma ya bahasha na risiti, na nilikuwa nachora kila siku. Tangu daftari liingie ndani wiki tatu nzima sikuchora kitu. Kila nikilifungua naona ule weupe nasema hapana, leo sina kitu cha kustahili huu ukurasa, nafunga. Na bahasha nazo nikaziacha kwa sababu si nina daftari bwana!

Kilichonitoa ni kuuharibu ukurasa wa kwanza makusudi. Niliandika juu kwa kalamu ya wino, "ukurasa huu ni wa takataka", nikaweka kikombe chenye chai juu yake kikaacha duara la kahawia, alafu nikajipa sheria: nitachora mkono wa hicho kikombe mara ishirini, vibaya. Wa kwanza hadi wa tano ilikuwa mikono ya vikombe, ya kawaida tu. Wa tisa umepinda umekuwa kama ndoano. Wa kumi na nne umetokea kama sikio, sikio kabisa, nikauangalia, nikaanza kuuchorea kichwa, na ndani ya nusu saa nilikuwa na kikombe kizee kinachosikiliza umbea. Sio kwamba wazo lilikuwa namba moja likakataliwa. Halikuwepo kabisa mpaka nilipofika namba kumi na nne.

Kwa hiyo dawa ya hakimu ni idadi, sio ubora. Jipe namba, ishirini za hovyo, na jitahidi kweli ziwe za hovyo. Andika vichwa vya habari ishirini vibaya, mishono kumi isiyovalika, njia kumi za kufungua somo ambazo mkuu wako angezikataa. Hakimu hana hoja tena, maana kosa ndilo lililoagizwa. Alafu kesho yake, ukishalala na kuamka, mrudishe hakimu kwenye kiti chake, hapo anafaa, mpe kalamu nyekundu achague. Ukimfukuza jumla nako utaishia na rundo la takataka, nimelijaza hilo rundo najua.

Kitu kingine, shusha hadhi ya vifaa. Karatasi mbaya, simu ya kurekodia sauti badala ya maikrofoni, kitambaa chakavu cha kujaribia. Kifaa kizuri kinatisha kuliko watu wanavyokiri.

DALILI: hata mawazo mabaya hayaji

Hapa ndio kisima chenyewe. Kila unachotoa kinafanana na cha juzi, na ukikichunguza vizuri kinafanana pia na cha kila mtu unayemfuatilia. Chanzo mara nyingi sio kwamba huingizi kitu, unaingiza sana tu, ila unaingiza kilekile. Mtu anachora, anaangalia michoro ya wachoraji. Anaandika, anasoma wanaoandika kama yeye. Nyote mnakunywa kisima kimoja alafu mnashangaa maji yana ladha moja.

Ingiza cha mbali. Muulize mtu mwenye kazi usiyoijua kabisa akueleze kitu kimoja ambacho watu wa nje huwa wanakosea kuhusu kazi yake, alafu nyamaza umsikilize. Muulize dereva wa gari kubwa anajuaje breki zinaanza kuchoka, muulize mkunga, muulize anayenoa visu. Utarudi na picha na maneno ambayo hukuwa nayo. Au chukua kitu kidogo ukitafute siku nzima, kwa mfano vivuli vinavyofanana na wanyama, au namna watu wanavyofunga kamba za viatu. Sio utafiti, ni kuyalazimisha macho yaache njia yaliyoizoea.

Na tembea, ila tembea kwa akili. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio yaliyolinganisha watu waliokaa na waliotembea, waliotembea walitoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa kama asilimia 60. Kinachonifurahisha ni kwamba baadhi yao walitembea ndani, kwenye mashine, wanatazama ukuta mtupu, na bado ilisaidia, kwa hiyo usiseme mtaani kwako hakuna mandhari. Ila kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi kutembea hakukusaidia, matokeo yalishuka kidogo. Kwa lugha yetu: tembea unapokusanya, kaa chini unapochagua.

DALILI: akili nzito, unashika simu kila baada ya sekunde

Betri. Hapa sitakaa sana kwa sababu majibu unayajua, hutaki tu kuyasikia. Kama umelala masaa manne tu, usiniambie habari za kipaji. Lala.

Ila kuna kitu kuhusu usingizi chenyewe kinavutia. Mwaka 2021 watafiti wa Paris waliwapa watu maswali ya namba yenye njia ya mkato iliyojificha, kisha wakawapa mapumziko ya dakika 20, kwenye kiti, gizani. Waliopitia angalau sekunde 15 za kile kiusingizi cha mwanzo kabisa, kile cha kichwa kudondoka, kama asilimia 83 waliiona njia ya mkato. Waliobaki macho ni kama asilimia 30. Na walioendelea wakazama kwenye usingizi mzito zaidi faida ilipotea. Kwa hiyo kusinzia kidogo kwenye kiti mchana baada ya kuhangaika na jambo sio uvivu, ila kuvuta shuka na kuzima taa saa tisa alasiri ni habari nyingine.

Simu nayo. Tatizo lake kubwa sio muda inaokula, ni kwamba inaua uchovu wa kukosa cha kufanya, na huo uchovu ni malighafi. Kule Uingereza watafiti Sandi Mann na Rebekah Cadman waliwapa watu kazi ya kuudhi, kunakili namba kutoka kitabu cha simu, kabla ya kuwataka wabuni matumizi ya vikombe vya plastiki, na waliochoshwa hivyo walitoa mawazo mengi kuliko ambao hawakuchoshwa. Ukisubiri foleni na ukatoa simu kabla hujachoka, umejinyima. Jaribu foleni moja kwa siku bila simu, moja tu, siyo kuhamia pangoni.

Tahadhari moja na hii sitanii: kama sio kuchora tu, kama kila ulichokuwa unakipenda kimepoteza ladha, usingizi umeharibika, huna hamu hata na watu wako, na hali imekaa zaidi ya wiki mbili, hapo toka kwenye habari za tofali. Hilo ni la kumwona daktari au mtu wa ushauri nasaha, linatibika.

DALILI: uko vizuri kila mahali isipokuwa kwenye ile kazi moja

Umeambiwa "andika chochote", "fanya unavyoona", au umejiambia mwenyewe mwaka huu nitatengeneza kitu kikubwa. Uhuru umezidi. Mtu akiniambia niimbie wimbo wowote nasahau nyimbo zote duniani, akisema niimbie wenye neno mvua naanza hapohapo.

Lugha yetu hili inalijua siku nyingi. Mtunzi wa shairi la tarbia anafungwa mikono pande zote, mizani nane huku nane kule, kina cha kati kina cha mwisho, mishororo minne basi, na ndani ya jela hiyo watu wametunga vitu vya kutisha. Tena nadhani ni kwa sababu ya jela hiyo. Nilijaribu juzi nikiwa nimekwama kabisa, nikasema acha nilalamikie kukwama kwenyewe:

Kalamu imegomea, wino nao umekata,
Chumbani nikatembea, lipi neno nitapata,
Kina kikanichochea, neno jipya likaota,

Angalia huo mshororo wa tatu. Mimi nilitaka kusema kwamba nimechoka, nimekata tamaa, ndio ilikuwa safari yangu. Lakini nimechoka haina -ea, ikabidi nipekue, nikapita kuchelea, kuegemea, kumezea, nikagonga kuchochea, na neno hilo likageuza shairi zima, kutoka kulia likawa linaelekea kwenye kupona. Sikuwa na wazo hilo. Kina ndicho kilikuwa nalo. Mshororo wa nne ulinigomea nikauacha.

Dr. Seuss, yule mwandishi wa watoto wa Marekani, kuna kitabu alikitoa mwaka 1960 chenye maneno 50 tofauti tu kutokana na dau aliloweka na mchapishaji wake, na ni kati ya vitabu vyake vilivyouzwa sana. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, baada ya upasuaji wa mwaka 1941 kusimama kupaka rangi kukawa kazi kubwa, akashika mkasi na karatasi zilizopakwa rangi, akawa anakata maumbo, na kazi hizo za mkasi ni kati ya zinazopendwa zaidi alizoacha.

Kwa hiyo jifunge. Rangi mbili tu. Barua isiyo na neno "sana". Nguo kutoka kitambaa kilichobaki, usinunue hata uzi. Binti yangu akitaka hadithi ya kulala na mimi kichwa kitupu namwambia nipe vitu vitatu, siku moja kanipa kiatu, mvua na simba asiye na meno, na hiyo hadithi imeshafika wiki ya pili. Ukiona kifungo kimoja hakijakubana vya kutosha ongeza kingine, ukiona huwezi hata kupumua toa kimoja.

DALILI: ulianza kwa kasi, katikati ukakwama

Hapa kosa liko jana, sio leo. Uliandika mpaka tone la mwisho, ukaenda kulala ukiwa mtupu, asubuhi unakuta huna pa kushikia. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa na tabia ya kuacha kazi ya siku wakati bado anajua kinachofuata. Acha sentensi nusu, acha mshono mmoja na sindano iko ndani, acha jicho moja la mchoro halijachorwa. Inauma kuacha hivyo ila ndiyo maana yake, hicho kiwasho ndicho kitakachokuamsha.

DALILI: umefanya yote hayo na bado hamna kitu

Basi sasa ndio zamu ya yule anayesema pumzika, na sikumtanguliza kwa makusudi. Graham Wallas, Mwingereza, mwaka 1926 aligawa kazi ya kubuni hatua nne: kujiandaa, kuacha jambo liatamiwe, kumulikwa na wazo, na kulihakiki. Watu wanaipenda ya pili na ya tatu, wanaruka ya kwanza. Mwanahisabati Henri Poincaré alisimulia jinsi jibu la swali lake lilivyomjia akikanyaga tu ngazi ya basi la farasi akiwa safarini Coutances, Ufaransa, wala hakuwa analifikiria. Hadithi tamu, ila kabla ya hapo alikuwa amelihangaikia siku kibao mezani. Kuku haatamii hewa, lazima pawe na yai. Kama umeshahangaika kweli, una kurasa zilizochafuka za kuthibitisha, funga, nenda kafue, kapige deki, ongea na watu. Kama hujachafua hata ukurasa mmoja hiyo unayoita mapumziko ni kukimbia, rudi juu kwa hakimu.

DALILI: mzuka umerudi, lakini saa nane usiku

Hili nalo ni tatizo maana ukijiambia utakumbuka asubuhi hutakumbuka, unakumbuka tu kwamba lilikuwa zuri. Weka kalamu na karatasi mahali mkono unafika bila kuwasha taa, usitumie simu, ukiishika utajikuta saa kumi unaangalia watu wanasafisha mazulia. Andika kwa giza, hati mbaya haidhuru, alafu geuka ulale. Juzi niliamka nikakuta nyuma ya bahasha mwandiko umepanda juu kama sisimizi, nikausoma mara tatu ndio nikauelewa:

Usiku likatokea, gizani nikalikuta.